Ugonjwa wa Mikia katika Nyumba ya Panya ya Themi

Vijana wangu wa nyumba ya panya, siku mliponiaga mmoja wenu alisimama akasema, "Mzee Ramadhani, tuandikie ya zamani, maana sisi tumekuta kila kitu kimenyooka." Nilicheka mpaka nikapaliwa na soda. Kimenyooka! Basi nimekaa barazani kwangu Ngarenaro, kalamu ninayo, miwani ninayo, na watu wa nyumbani wamekwisha choka kunisikiliza, kwa hiyo zamu hii ni yenu.

Mambo ya mshahara na kupanda cheo sitayaandika. Nilipanda mara chache, na mojawapo ya hizo nilikuwa nashuka ila hawakuniambia mapema. Elimu yangu mnaijua: chuo cha Kurani mpaka mwalimu akachoka, shule ya serikali mpaka mimi nikachoka. Mkikuta maneno yamepinda humu, yanyoosheni wenyewe.

Nilianza kabla ya vita vya Hitler. Nilikwenda pale maabara kando ya mto Themi kutafuta kazi ya kufyeka majani. Mlangoni nilimkuta mtu mfupi, kifua kipana, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi ijapokuwa jua lilikuwa kali. Sijamaliza hata salamu, akaniuliza:

"Wewe unaogopa panya?"

"Panya gani, mzee?"

"Jibu kwanza, panya utawaona."

Nikasema siogopi, nikidhani nitapewa mitego. Akanishika mkono, akaniingiza ndani. Joto lilinipiga usoni, na ile harufu, ambayo ninyi mnadhani mnaijua lakini ninyi mna madirisha ya wavu pande zote. Rafu zimejaa madebe ya mafuta ya taa yaliyokatwa na kufunikwa wavu wa chuma, na ndani ya kila debe panya weupe wenye macho mekundu. Nikasema, Audhubillahi. Yule mzee akasema, "Hawa ndio mabwana zako. Wanakula kabla yako, wanalala kabla yako, na wakiugua utaulizwa wewe."

Huyo alikuwa Mzee Anaeli, mnyapara wetu, Mmeru wa Poli, Mlutheri wa kuimba sauti ya chini kanisani mpaka viti vinatetemeka. Alikuwa na ng'ombe, na katika dunia hii aliamini vitu viwili, Mungu na ng'ombe. Panya nao aliwatazama kwa jicho hilohilo la ng'ombe. Dume alimwita fahali. Jike ambaye hajazaa alimwita mtamba. Asubuhi alipita rafu hadi rafu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua zizi lake, akisema, "Huyu kapigwa na baridi. Huyu ana hasira, mtoe. Huyu, Ramadhani, huyu ni wa kuzalisha."

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Panya humshiki ncha ya mkia, ngozi itavuliwa kama soksi ubaki nayo mkononi. Unamshika karibu na shina la mkia, unamweka juu ya mkono wa shati, yeye mwenyewe anatulia. Maranda ya kulalia unayachukua kwa seremala asiyetumia mbao zenye dawa. Chupa ya maji unaipindua kwanza nje ya debe, maana ikivuja ndani watoto watazama. Na kubwa kuliko yote: kabla ya kuwasha taa, simama mlangoni usikilize. Nyumba yenye afya inachakarisha. Ukiingia ukakuta kimya, usifurahi.

Sasa, kabla sijafika kwenye ugonjwa, lazima niwaambie habari za posa yangu, maana mambo haya mawili yaliingiliana na sikuweza kuyatenganisha hata wakati ule.

Nilikuwa nimepeleka posa kwa Zuhura binti Mfaume. Baba yake, Mzee Mfaume, alikuwa fundi cherehani hapahapa Ngarenaro, mtu wa Pangani kwa asili, mjane, anayejiheshimu sana. Aliniita barazani kwake, yeye anashona, mimi nimesimama.

"Unafanya kazi gani, kijana?"

"Serikalini, mzee."

"Serikalini wapi?"

"Maabara."

"Hapo maabara unafanya nini?"

Pa kugeukia hapakuwapo tena. "Nalisha panya."

Cherehani ilisimama. Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia kukata kitambaa. "Wenzako wanawawekea mitego, wewe unawapikia uji?"

"Uji na mahindi, mzee. Siku za baridi, mkate na maziwa."

"Na maziwa!" Akakata uzi kwa meno. Mwisho akasema, "Haya. Serikali ni serikali, hata ya panya. Harusi itakuwa baada ya Ramadhani ya mwakani. Lakini tusikilizane vizuri: siku serikali itakapokuacha, na mimi nakuacha. Sina binti wa kumpa mfuga panya asiye na panya."

Basi mkae mnajua. Kila debe lililokuwa kwenye rafu zile, kwangu lilikuwa kama sehemu ya harusi.

Bwana mkubwa wa maabara alikuwa Mwingereza mrefu, jina lake sitaliandika, sisi tulimwita Bwana Sabuni. Alinawa kabla ya kushika panya, akanawa baada ya kushika panya, na siku moja nilimwona kwa macho yangu ananawa baada ya kunawa. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni lakini kilitosha. Kazi yake ilikuwa ya malale na ndorobo, magonjwa yanayoletwa na mbung'o. Damu ya mgonjwa au ya ng'ombe ikiletwa, aliitia ndani ya panya kwa sindano, kisha akatazama kitakachompata. Kwa hiyo alitaka panya wazima kabisa. Panya mwenye ugonjwa wake mwenyewe hakufai, maana akifa hujui kafa kwa damu uliyomtia au kwa shughuli zake binafsi.

Asubuhi moja nilifungua mlango nikasikiliza. Kimya.

Nikawasha taa. Debe la kwanza, panya wamejikunyata, manyoya yamesimama, macho yameganda. La pili hivyohivyo. Wengine miguu ilikuwa imevimba kama ya mtu aliyeingia kwenye siafu, na wengine ncha ya mkia imekuwa nyeusi. Wengine walikuwa wamekwisha kufa huku wamekaa, utadhani wanawaza. Baada ya muda walionusurika wakaanza kupukutika vidole, na mikia ikakatika vipande. Sisi tukauita ugonjwa wa mikia. Bwana Sabuni alikuwa na jina jingine la kizungu, refu, ambalo halikusaidia.

Alituita. Akasema ni kijidudu kidogo mno, hata darubini haikioni.

"Kama darubini haikioni," Anaeli akauliza, "Bwana amekijuaje?"

"Kwa kazi yake."

"Aa. Kama Shetani." Na kwa upande wake mjadala ukaishia hapo.

Bwana Sabuni akaeleza jinsi kinavyotembea. Kinatoka kwenye vigaga vya ngozi, kinaingia kwenye maranda, kinashika mkono wa mtu, mtu anakipeleka debe la pili bila kujua. Na ubaya wake ni kwamba panya anaweza kuwa nacho huku anakula, anacheza, manyoya yanang'aa, ukimtazama unamwoa. Akasema dawa hakuna. Wote wauawe, wachomwe, madebe yachemshwe, kuta zisuguliwe kwa dawa kali, halafu waagizwe wapya kutoka ng'ambo.

Nilidhani Mzee Anaeli atalia. Mimi mwenyewe niliomba ruhusa nikatoke nje kidogo. Lakini yeye siku ya kuchoma alisimama kwenye tanuri anaimba nyimbo za kanisani, tena za furaha. Nikasema moyoni, dini ya mtu huyu ina nguvu.

Wapya wakaja kwa meli, halafu kwa treni mpaka Moshi, halafu kwa lori. Walikuwa wamekonda, wana mafua, wanatazama Mlima Meru bila kupendezwa. Anaeli aliwatazama akatikisa kichwa. "Hii damu dhaifu. Hawa hata fisi akiwaona anawaonea huruma."

Lakini haikupita muda, kwenye madebe ya rafu ya nyuma nikaanza kuona panya wazuri ajabu. Wanene, wana shingo. Nikamwambia Bwana Sabuni kwamba wageni wamekubaliana na uji wangu. Akaniandikia sifa njema. Ndiyo sifa pekee niliyoandikiwa kwa ajili ya kupika.

Kisha ukimya ukarudi.

Safari hii Bwana Sabuni hakutaka kuua wote, maana wa ng'ambo huchukua muda kufika na kazi ilikuwa imelala. Akaanza kutafuta mlango ambao kijidudu kimepitia. Akasema labda ni panya wa porini. Tukatega mitego mpaka paka wa jirani akanasa. Akasema labda ni mimi, kwa kuwa nalala Ngarenaro ambako panya hawana serikali. Nikawa naogeshwa kila asubuhi kwa sabuni ya dawa. Mzee Mfaume akaniuliza, "Mbona siku hizi unanukia kama mtu aliyetoka kupasuliwa?" Halafu Bwana Sabuni akaamuru kila anayeingia avae kanzu nyeupe itakayobaki mlangoni.

Hapo ndipo palipozuka vita. Anaeli alisimama mlangoni ameishika kanzu kwa vidole viwili.

"Bwana, mimi nimebatizwa."

"Hii ni nguo ya maabara, Anaeli."

"Bwana anaiita hivyo. Mchungaji akipita hapa ataiita vingine." Akanigeukia mimi. "Ramadhani, sema kweli. Nikivaa hii, kwenu nitakuwa nani?"

"Utakuwa shehe, mzee."

"Umesikia, Bwana?"

Mwisho walikubaliana: Anaeli aliivaa kanzu akaiingiza ndani ya suruali. Akafanana na gunia la mahindi lililofungwa mkanda, lakini gunia la Kilutheri.

Katika siku zile Bwana Sabuni alinieleza jambo ambalo sijalisahau. Nilimwuliza, "Bwana, waliougua wamekufa, waliopona wamepona. Mbona ugonjwa haumaliziki?" Akasema, "Umewahi kuona surua?" Nikasema nimeugua mwenyewe. Akasema surua ikiingia kijiji kidogo inawapata wote, kisha inakosa mtu wa kumshika, inakufa yenyewe. Lakini mjini, ambako kila siku anazaliwa mtoto mpya, inaruka kutoka mtoto hadi mtoto, haikosi chakula. "Nyumba yetu ni mji," akasema. "Majike yanazaa kila leo. Sisi wenyewe ndio tunaoulisha ugonjwa."

Akaamuru madume yatengwe na majike, kuzaa kusimame kabisa mpaka moto ule ukose kuni. Anaeli alihuzunika sana. "Nyumba isiyo na mtoto ni ghala," alisema. Madume nayo yalisema ya kwao, kwa kung'ata wavu. Lakini ikawa kweli. Ugonjwa ukapungua, ukazima. Tukasubiri, tukarudisha madume, watoto wakazaliwa safi, mikia mirefu. Bwana Sabuni alifurahi mpaka akatushika mikono kabla ya kunawa.

Na kwenye rafu ya nyuma wakatokea tena wale wanene wenye shingo. Na baada yao, ukimya.

Akatukusanya. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililotutisha. Alisema anafanya kazi hii kwa damu za watu wanaokufa, na hawezi kuendelea kuwadanganya. "Mara moja tena, nafunga. Panya watawekwa kituo kingine, mbali na hapa. Ninyi nyote mtakwenda makwenu." Nilisikia kichwani mwangu cherehani inasimama.

Wiki ileile alikuwa na safari ya Momela kukusanya kupe, akanichukua nimbebee chupa. Tulipokwisha pita Usa na kuanza kupanda, gurudumu likapasuka, na la akiba likawa halina upepo. Dereva akaenda kutafuta pampu. Bwana Sabuni na mimi tukapanda kijinjia cha migomba kutafuta maji ya kunywa, tukatokea kwenye boma safi, kahawa imeanikwa, mbuzi wamefungwa. Mwenye boma akatoka, mzee mchangamfu mwenye meno machache aliyoyatumia yote kucheka.

"Karibuni, karibuni! Huyu si Bwana wa panya?"

"Ndiye," nikasema. "Umemjuaje?"

"Mimi ni Ndewirwa, shemeji yake Anaeli! Anatusimulia jinsi anavyonawa." Akamshika Bwana Sabuni mkono kwa mikono yake miwili, akamvuta ndani. "Njoo, Bwana, uone mifugo yako! Isije ikasemwa tumeitunza vibaya!"

Ndani, karibu na mafiga, mahali penye joto zuri kuliko pote, kilining'inia kikapu cha ukindu kilichofunikwa wavu. Wavu wetu; niliujua kwa kona niliyoishona mimi. Ndewirwa akakishusha. Ndani yake panya jike mweupe, mnene, mwenye shingo, ananyonyesha watoto chungu nzima. Mkia wake ulikuwa nusu, na mguu mmoja hauna vidole.

"Alikuja mzima, akaugulia hapa," Ndewirwa akasema kwa fahari. "Alikuwa taabani. Mke wangu akampa maziwa ya mbuzi. Sasa mwone! Watoto wake wakubwa tumekwisha mrudishia Anaeli, mara mbili. Hatujamdhulumu hata mmoja."

Bwana Sabuni alikaa kwenye kigoda. Alikaa polepole, kama mtu anayeketishwa na wengine. Mimi niliangalia chini, nikaona sakafu yao imefagiliwa vizuri.

Sasa ninyi wengine ambao hamna ng'ombe, kama mimi nilivyokuwa, ni lazima niwaeleze. Wenye ng'ombe wa mlima ule na wa tambarare yake hawaweki mifugo yote zizi moja. Huyu anamwekea rafiki mitamba miwili, yule anamwekea shemeji fahali, ili ugonjwa ukiingia boma moja usimalize ukoo. Anayetunza anakunywa maziwa, na kwenye uzao anapata wake. Wala haitangazwi, maana mali iliyowekwa kwa watu haihesabiwi barabarani. Basi Anaeli alipoambiwa mara ya kwanza kwamba panya wote watachomwa, alifanya alichofanya baba yake na babu yake: alichagua walio bora akawaweka kwa marafiki. Ndiyo sababu alikuwa anaimba kwenye tanuri. Na wale wapya walipokuja wamekonda, akarudisha uzao wa wale wa zamani ili kutia nguvu damu.

Tuliporudi, Bwana Sabuni alimwita. Nilikuwepo, nimekumbatia chupa za kupe.

"Anaeli, ng'ombe ukimnunua mnadani, unamwingiza zizini siku hiyohiyo?"

"Hapana, Bwana! Anafungwa peke yake kwanza. Huwezi kujua amekuja na nini."

"Sasa panya hawa?"

Anaeli akashangaa kweli, si kwa kujifanya. "Lakini hawa hawakununuliwa, Bwana. Hawa walikuwa wanarudi nyumbani."

Bwana Sabuni akaenda kunawa. Aliporudi alisema anataka panya wote walioko mlimani waletwe, waliomo ndani nao wachomwe, na ataagiza wapya kwa mara ya mwisho kabisa. Nikajua kwa nini hakumfukuza Anaeli: nani mwingine angejua walipo?

Maana hawakuwa kwa Ndewirwa tu. Ndewirwa alikuwa amemwekea ndugu yake wa Akheri, huyo akamwekea rafiki wa Nkoaranga, huyo akampa Mwarusha mmoja kama shukrani ya mbuzi. Tukazunguka mlima na lori. Kila boma tulipokelewa vizuri, na kila boma walikataa kutoa panya mpaka mtunzaji apate haki yake ya uzao. Mama mmoja alimwambia Bwana Sabuni, "Mwanangu, nimewalea, wamezaa kwangu. Utawachukua hivihivi kama mwizi?" Kumwachia panya hata mmoja haikuwezekana. Ikabidi Bwana Sabuni akae kwenye vigoda, anywe pombe ya ndizi ambayo mchungaji alikuwa haijui, na abembeleze. Mwishowe haki ya uzao ililipwa kwa miche ya sabuni. Mwezi ule mteremko mzima wa Meru ulinukia kwa usafi.

Tukawachoma wote. Tukachemsha, tukasugua. Panya wapya wakawa wamefika Moshi, lori linawaleta kesho yake. Jioni ile Bwana Sabuni akamwambia Anaeli ataje tena, mmoja mmoja, kila aliyewekewa. Anaeli akafumba macho, akataja kama wanavyotaja ng'ombe, fulani kwa fulani, bila kukosea. Mwishoni akakohoa.

"Na yule fundi."

"Fundi gani?" Bwana Sabuni akauliza.

"Fundi Mfaume, wa Ngarenaro."

Nilidhani sikusikia. "Mfaume yupi, mzee?"

"Mkwe wako. Nilimpelekea mitamba miwili kwa niaba yako, ulipoposa. Ulitaka uende kwa wakwe mikono mitupu, bila mfugo hata mmoja? Wewe huna baba hapa. Mimi ndiye niliyekuwa baba."

Bwana Sabuni akanitazama. Akasema lori likifika na wale wawili hawajaletwa, panya wapya hawatashushwa, litaendelea nao moja kwa moja, na milango itafungwa. Nikapanda baiskeli.

Mzee Mfaume alikuwa barazani anashona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona unahema, unafukuzwa?"

"Nimefuata wale panya wawili."

"Panya?" Akanyooka mgongo. "Nyumbani kwangu? Mimi mtu wa Pangani niweke panya?"

Wakati huohuo kwenye droo ya cherehani kikachakarisha kitu. Mzee Mfaume akaanza kukanyaga pedali kwa nguvu, gurudumu likavuma.

Nyuma ya pazia sauti ya Zuhura ikasema, "Baba, mashine haina nguo."

Akaacha kukanyaga. Akafungua droo taratibu. Jike mmoja alitoka mwenyewe, akapanda mkono wake mpaka begani, akakaa chini ya sikio kama mtu aliyefika kwake. Mwenzake alibaki ndani amelala kwenye mabaki ya hariri. Mimi tangu nianze kazi sikuwahi kuona panya aliyelazwa kwenye hariri.

"Nikishona anakaa hapa," akasema. "Nikiongea, ananisikiliza. Tangu mama yake Zuhura afariki, Mungu amrehemu, nani mwingine humu ananisikiliza?"

"Baba," nikasema, "huyu anaweza kuwa na ugonjwa ndani na usionekane. Asipofika maabara leo, kazi imekwisha."

"Kazi ziko nyingi mjini."

"Lakini ulisema siku serikali itakaponiacha..."

"Nilisema kabla sijawajua panya!"

Pazia likafunguka. Zuhura akatoka amejitanda kanga, hakunitazama mimi hata kidogo. Akachukua kopo la biskuti kwenye rafu, akaliweka wazi mbele ya baba yake.

"Baba, akibaki yeye, nabaki na mimi. Tutakaa sote hapa, wewe, mimi na panya, mpaka nizeeke. Chagua."

Mzee Mfaume alimtazama binti yake. Akamgeukia panya begani. Akarudi kwa binti. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko binti yeyote angependa afikiriwe. Kisha akamshika jike yule, tena vizuri, karibu na shina la mkia, akamweka kwenye kopo pamoja na mwenzake, akawatandikia kipande cha hariri, na Zuhura akafunga kifuniko kabla hajabadili mawazo.

Wakachomwa jioni ile. Lori likaja, panya wapya wakashushwa, wakawekwa kwenye chumba cha peke yao mpaka tuwajue. Chumba kile ndicho mnachokilalamikia ninyi leo kwamba kinapoteza muda. Basi sasa mnajua kinatoka wapi. Mkiona panya mzuri msiyemjua, msimsifu, ulizeni ametoka kwa nani. Ugonjwa wa mikia haukurudi tena mpaka siku nilipoondoka, na Mzee Anaeli alifanya kazi pale hadi uzee, kanzu ndani ya suruali.

Harusi ilifanyika baada ya Ramadhani kama ilivyosemwa. Bibi arusi alipotolewa, Mzee Mfaume alilia, akalia hasa, mpaka kilemba kikalegea. Watu waliguswa. Bibi mmoja jirani, mtu mzima mwenye huruma, akamshika bega akamwambia, "Nyamaza, baba. Anakwenda nyumba ya tatu tu kutoka hapa, utamwona kila siku."

"Nitamwona wapi?" Mzee Mfaume akasema kwa kwikwi. "Wamekwisha mchoma moto."

Yule bibi akauondoa mkono wake begani polepole, akageuka, akanitazama mimi bwana harusi.